Mtu Aliyejibu Maswali

Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe karibu na mji wa Morwell ulipotangazwa kufungwa, wafanyakazi walipelekwa kituo cha ajira kupimwa tabia, ili ijulikane nani anafaa kazi gani. Wengi walikwenda kwa mzaha. Barry Stroud, aliyefanya kazi na Lorna Pascoe katika chumba cha kuongozea mitambo, alirudi akitamba kwamba kompyuta imemwona anafaa kupamba maharusi.

Lorna naye akaenda. Mshauri, binti wa Kisamoa aitwaye Sina, alimwambia asifikiri sana, ajibu linalomjia kwanza. Akajibu bila kusita. Matokeo yalipotoka, Sina akamsomea kwa furaha: yeye ni mtu wa watu, mthubutu, asiyeweza kukaa kimya, mchangamshaji kila aingiapo. Angefaa kuendesha baa, au kuuza magari.

Lorna akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe. Alimfahamu mtu aliyeelezwa pale. Alikuwa kaka yake, Kelvin, na Kelvin alikufa zamani, alipoanguka kutoka kwenye mkanda wa kusafirishia makaa palepale mtamboni.

Enzi hizo Lorna alikuwa msichana wa maktaba, mwoga hata wa kupokea simu. Baada ya mazishi, baba yao, Arthur, aliacha kula. Jioni moja mezani, bila kujua alifanyalo, Lorna akarudia kichekesho cha Kelvin kwa sauti ya Kelvin, na baba akainua uma. Kesho yake akaongeza kingine. Mwaka haujaisha akaomba kazi mtamboni, akawa anakalia kiti cha kaka yake, anashangilia timu yake, anabeti kwenye mbio za farasi kama yeye. Mama alipopitiwa akamwita Kel, hakuna aliyemsahihisha. Mama alikufa, mazoea yakabaki.

Jumapili alimpelekea baba ile karatasi, kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akitunzwa. Mzee akavaa miwani, akasoma midomo ikimcheza.

"Kelvin huyu," akasema.

"Nimejibu mimi, baba."

Mzee akaikunja karatasi, akaikunja tena. "Nilijua, mwanangu. Tangu jioni ile ya kwanza nilijua. Ningekwambia uache, ila ningebaki na meza tupu."

"Na mimi je? Mimi nilikuwa wapi?"

Mzee akakiri kwamba hakumbuki. Mara nyingi hujaribu kumkumbuka Lorna wa zamani, alivyocheka, alichopenda kula, na kila akijaribu humjia mvulana.

Lorna alirudi kwa Sina, akaomba kupimwa upya. Swali la kwanza liliuliza kama chumba kikijaa watu anafurahi au anachoka. Jibu la Kelvin likawahi, kama kawaida yake. Akaliacha lipite, kama mtu anayesubiri lori lipite ndipo avuke barabara. Baada yake halikuja jingine.

Sina akamuuliza kama amsaidie.

"Niache kidogo," Lorna akasema. "Namsubiri."

"Unamsubiri nani?"

Kituo kilipofungwa jioni, swali lilikuwa bado wazi.

Mtambo nao ukazimwa. Lorna akapata kazi kwenye kitalu cha miche nje ya mji, kazi ambayo hakuna kompyuta iliyompendekezea. Wenzake wa huko wanamjua kama mama mkimya. Wakimuuliza mkate wake upakwe nini, husema chochote, kisha huonekana kama mtu aliyepoteza kitu.

Vichekesho vya Kelvin bado humjia. Huvibana mdomoni mpaka vipite.

Asubuhi moja, akimwagilia miche peke yake, ndege aliteleza kwenye ukingo wa ndoo akatumbukia, akatoka amelowa na kununa. Lorna akacheka. Kilitoka kicheko kidogo, cha puani, asichokifahamu, kisichokuwa cha Kelvin. Akasimama na mpira wa maji mkononi, maji yakijaa kwenye vyungu na kufurika miguuni mwake, akiogopa kusogea, kisije kikampotea.