Ukimya wa Studio ya Zamani

Jengo jipya la redio ya taifa, katikati ya mji, lilikula fedha za umma mpaka likacheua: vioo juu hadi chini, lifti inayoongea, na studio zisizopenywa hata na mlio wa honi. Balaa lilianzia hapo. Msomaji wa habari akinyamaza kuvuta pumzi tu, wasikilizaji walipiga simu kuuliza kama redio imezimika.

Fundi mitambo akapata dawa. Siku ya kuhama, studio ya zamani ikiwa tupu na mlango umefungwa, alikuwa amerekodi ukimya wa chumba kile, kama mafundi wafanyavyo ili kuzibia mapengo ya vipindi. Sasa akautandaza chini ya taarifa ya habari. Simu zikakoma.

Ila mama aliyesoma habari za mchana, mkavu asiyependa porojo, alivaa hedifoni zake, akaziminya masikioni. Ndani ya ukimya ule kulikuwa na mtu anapumua. Pumzi ilikuwa na mluzi mwembamba wa puani, ule ule aliokuwa akiutania nyumbani na kazini. Ulikuwa wa mumewe, msomaji mwenzake, waliyemzika kabla ya kuhama.

Wiki nzima aliwahi kazini kama bibi harusi. Kisha mkurugenzi naye akausikia mluzi.

"Shemeji, nisamehe," fundi alimwambia. "Bosi anasema ni uchafu. Taarifa ikiisha naufuta."

"Kulikuwa na nani mle ndani?"

"Hakuna mtu. Funguo nilikuwa nazo mimi."

Hapo ndipo roho ilipomuuma. Walibeba meza, mazulia, hata ndoo za taka, na mtu wao wakamwacha bila kumwambia kitu. Na jengo la zamani lilikuwa linabomolewa kesho.

Alisoma taarifa mpaka mwisho bila sauti kutetereka. Kisha, badala ya kuaga, akasema, "Tumehama. Tuko mjini kati, mkabala na posta, ghorofa ya saba. Pita ngazi, lifti utaichukia. Njoo."

Mluzi ukakatika. Fundi alikuwa bado hajagusa kitufe.

Alipokigusa, mama aliinama akalia waziwazi, huku muziki ukienda hewani. Alijua amempoteza mara ya pili.

Baada ya muda sauti ya fundi ikamwingia masikioni, ya chini. "Shemeji, mimi nimeshafuta. Mbona nasikia mtu anahema hapo kwako, kama aliyepanda ngazi?"

Mama akajifuta uso, akasogea, akampisha nafasi mezani.