Mtutu Usio na Mwanga

Lori lilikuwa limeshaacha geti la karakana na kushika lami, nami nimekalia masanduku ya mitutu ya bunduki za askari wa wanyamapori, nilipoona pikipiki inatufukuza. Juu yake fundi tuliyemwita Chumvi, aproni ya ngozi bado kiunoni.

Mimi nilikuwa kibarua wa kupakia tu, lakini kazi ya mafundi niliijua. Chumvi alishika tangi la chumvi iliyoyeyushwa kwa moto. Mtutu ukizamishwa humo ngozi yake inakuwa ngumu, hata tupa inateleza juu yake kama juu ya kioo. Ukitoka unaoshwa kwa maji ya moto, maana chumvi ikigandia ndani, siku ya kupiga risasi mtutu unampasukia mtu usoni. Kwa hiyo kila mtutu ulipelekwa kwa mkaguzi tuliyemwita Dirisha, kaka wa mke wa Chumvi, akauelekeza dirishani, akachungulia tundu lake, na akiona mwanga upande wa pili akaita: "Mwanga!" Bila neno hilo hauingii sandukuni.

Dereva akasimama. "Vipi bwana, umesahau kutuaga?"

"Fungua masanduku."

"Yana misumari hayo. Na shemeji yako kaita mwanga mpaka sauti imemkauka."

"Shemeji yangu haoni." Chumvi alikuwa anaongea na tairi. "Ana mtoto wa jicho, tangu mvua zilizopita. Huwa narudia kuchungulia nyuma yake, kimyakimya. Leo nimeitwa ofisini, kurudi nakuta mmeshaondoka."

"Na siku zote umekaa kimya!"

"Dada yake ndiye nalala naye nyumba moja. Wewe ungesema?"

Dereva akatafuta nyundo.

Tukafungua pale pale kando ya barabara. Chumvi akawa anaelekeza mtutu mmoja mmoja angani. "Mwanga," anasema taratibu. "Mwanga." Kufika mmoja, akaugeuza upande wa pili, akachungulia tena. Akanipa niangalie. Ndani mna giza kama ndani ya gunia.

"Sema ni wewe uliyepitiwa," nikamshauri. "Watakufokea, yataisha."

"Na kesho dirishani atakaa nani?"

Dereva akabaki na lori; mimi nikapanda nyuma ya pikipiki, mtutu mapajani. Tulimkuta Dirisha kitini pake, anaita mwanga. Chumvi akamweleza msimamizi yote mbele yake, ya shemeji na ya kwake mwenyewe, macho chini.

"Shemeji," Dirisha akasema, "si ungeanza kuniambia mimi?"

"Ningekuambia, ungeacha?"

Dirisha akapapasa, akaiokota fimbo yake.

Mtutu ule ulichemshwa upya, chumvi ikatoka, ukaenda na wenzake. Dirisha aliachishwa kazi siku ileile. Baadaye alipasuliwa jicho moja, linaona, anafuga kuku. Mke wa Chumvi alihamia kwa kaka yake, hajarudi. Chumvi walimkata mshahara, wakamhamishia dirishani. Kila mtutu anauchungulia mara mbili, na haiti kwa sauti. Dereva amestaafu. Mimi niliondoka mwezi uliofuata, kama kawaida yangu.