Mshono wa Shangazi Kahaso

Faith alikuwa na mkono mwepesi wa kazi, na laiti Mungu angemnyima. Katika karakana ile ya Ukunda, walikoshona majaketi ya kuokolea maisha kwa wageni wa Diani wanaopelekwa baharini, aliketi karibu na shangazi yake, Kahaso, na kazi ya shangazi ndiyo iliyomfikia yeye. Msimamizi wao Justus, mtu wa bara, aliweka utaratibu mmoja: kila mshonaji akague kazi ya aliyemtangulia. Akiona kasoro ainue mkono, mashine zote zizimwe, watafute chanzo pamoja. Kosa ni letu sote, alizoea kusema.

Utaratibu mzuri, sina neno nao. Lakini nani atamwinulia mkono shangazi aliyemlea na kumfundisha cherehani? Mishono ya Kahaso ilipoanza kwenda upogo, Faith aliifumua na kuishona upya kimya kimya, miezi na miezi. Alijiambia anamsitiri. Wenzake waliona, wakatazama pembeni, maana kumwaibisha mtu mzima ni utovu wa adabu.

Siku Faith alipokwenda mazikoni Kinango, jaketi moja la Kahaso likapita bila kufumuliwa. Lilipojaribiwa majini, Faith akiwa amekwisha kurudi, mkanda ukachomoka. Justus hakufoka, aliliweka mezani akauliza limepitaje. Kahaso alilipapasa, akalisogeza hadi puani, akasema kwa uhakika kwamba mshono ule si wake. Hapo Faith akashindwa kuvumilia, akasema yote mbele ya watu.

Kesho yake Faith akampeleka shangazi hospitali. Daktari alimpima, akasema ni presha ya macho. Nuru iliyokwisha kupotea hairudi; angewahishwa, isingepotea.

Walipotoka, Kahaso aliketi kwenye benchi la nje. Faith akapiga magoti mbele yake, akaomba radhi kwa kumwaibisha kazini.

"Hukuniaibisha, mwanangu," Kahaso akasema. "Giza nililiona likija. Lakini kila nilipolishika jaketi lililokwisha, mshono wangu nikaukuta umenyooka. Nikasema, basi macho yangu mazima bado."

Faith akalia kwa uchungu ambao hakuwahi kuujua. Shangazi yake, aliposikia kilio, akanyoosha mkono amfute machozi, akaukosa uso.