Pazia Lililopimwa Kwenye Mabati

Haya alinisimulia binti yangu wa mwisho, yule fundi cherehani, Jumapili iliyopita tukichambua mchele. Alikuwa anacheka mpaka mawe yakawa yanampita hivihivi. Jioni baba yake akauma moja, lakini hilo ni la baba yake.

Kwanza niwaeleze mabati. Binti yangu alikuwa na kibanda cha kushonea karibu na mto, na jirani yake alikuwa kinyozi. Vibanda vikavunjwa. Wenyewe wakaambiwa msilie, hapa linakuja jengo: chini maduka, juu nyumba za kuishi, na mbele baraza ndefu ya kupunga upepo wa mto. Kila aliyevunjiwa akaahidiwa duka. Binti yangu la nne, kinyozi la tano. Eneo lote likazungushiwa uzio wa mabati, akaja mchoraji, akachora juu yake jengo kama litakavyokuwa: maduka, madirisha, na familia inayocheka bila sababu. Halafu akaandika kwa herufi kubwa: ISHI HAPA, FANYA KAZI HAPA, PUMZIKA HAPA.

Mchoraji akamaliza. Wajenzi ndio bado.

Mara mto ukafurika ukajaza mashimo ya msingi, wakajenga ukuta. Ukuta ukaonekana unaziba mto, na mto ndio watu walioahidiwa kuutazama, basi wakaupunguza. Mkandarasi wa kwanza akaondoka. Wa pili akaja na kusema kazi ya mwenzake haifai hata kufugia kuku. Lifti ikaletwa, ikagoma kuingia kwenye tundu lake. Meneja wa mradi, kijana mstaarabu sana, kila akiulizwa lini, alijibu, "Mwezi ujao." Jina likamganda hilohilo, Mwezi Ujao.

Aliyetii yale maandishi alikuwa mmoja tu, mlinzi. Aliishi pale, akafanya kazi pale, na kupumzika ndiyo usiseme. Walimwita Macho, kwa kuwa hayakuonekana.

Binti yangu akachoka kungoja. Asubuhi moja akabeba cherehani yake, akaiweka mbele ya mabati, palepale lilipochorwa duka la nne. Kinyozi akatundika kioo chake kwenye la tano. Na wengine wakafuata, kila mtu mbele ya picha yake. Wateja wakaja. Ukiuliza fundi yuko wapi, unajibiwa, duka la nne. Wakazoea, wakazoea, mpaka wakaanza kuamini. Siku moja kinyozi alimfokea mteja aliyeegemea bati: "Toka mlangoni, bwana, watu wapite!" Na mlango wenyewe ni rangi.

Basi siku hiyo Mwezi Ujao akaja.

"Habari za kazi, dada fundi."

"Nzuri, kaka. Tunafungua mwezi ujao?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka kidogo.

"Safari hii kweli. Watu wa benki wanakuja keshokutwa. Kuna nyumba moja tumeimaliza, ghorofa ya pili, ya kuonyeshea. Nataka pazia zito lishuke mpaka sakafuni, dirisha la upande wa barabara."

"Upande wa barabara kuna nini cha kuficha?"

Kijana akakohoa. "Ninyi."

Kinyozi akasimamisha mkasi hewani. "Sisi tumekuwa vumbi?"

"Msinielewe vibaya. Wakiona vurugu hii watasema mradi umegeuka gulio. Wao tutawapitisha upande wa mto. Ninyi kaeni, ila kimyakimya. Na dada, nisikufiche. Wakishaondoka, mabati haya yanang'olewa. Itabidi mtafute pengine."

"Na duka langu?"

"Jengo likikamilika lote."

"Lini?"

Hata yeye aliona haya kusema mwezi ujao.

Hapo mwanangu ndipo moyo ulipomshuka. Kibanda kimevunjwa, uzio unaondoka, duka halijaja. Cherehani aiweke wapi, kichwani?

"Maduka yana kuta," akasema. "Yana dari. Kwa nini tusiingie?"

"Haiwezekani. Wanunuzi wa nyumba wanasema hawahamii kabla ya maduka. Wakubwa wanasema maduka hayafunguliwi kabla nyumba hazijapata watu. Na benki haitoi kitu mpaka ione wapangaji."

"Hao ni wageni wenye adabu kupita kiasi," kinyozi akasema. "Wamesimama mlangoni: pita wewe, aa, pita wewe. Na chakula kinapoa ndani."

Binti yangu akakubali kushona. Huyo hakatai kazi, hata kazi ya kujifunika mwenyewe. Ila alipokwenda kupima dirisha alimkuta Macho amelala kwenye kiti getini, ufunguo shingoni, mdomo wazi. Mwanangu ana heshima, hakutaka kumwamsha mtu mzima. Akarudi kwenye mabati.

"Dirisha si hili hapa?" akamwambia kinyozi. "Nakaa chini yake kila siku. Na huyu mama wa kwenye picha tuko kimo kimoja. Shika kamba."

Kinyozi akashika ncha ya kamba ya kupimia. Wakapima picha! Watu wazima wawili, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Siku ikafika. Binti yangu akapanda na pazia lake, kitambaa kizuri cha rangi ya zambarau, pindo limenyooka. Akapanda stuli, akatundika, akashuka, akatazama. Pazia limeishia magotini. Dirisha lenyewe lilishuka mpaka sakafuni, na lile la kwenye bati mchoraji alikuwa amelikata juu kwa sababu bati liliisha.

Ngazini viatu vinapanda.

Mwezi Ujao akaingia kwanza, akaona. "Dada! Hii ni nini? Sketi?"

"Nilipima sawasawa!"

"Simama hapo! Simama mbele ya uwazi, tanua gauni!"

Basi akasimama, ametanua gauni kwa mikono miwili kama kuku anayefunika vifaranga. Wageni wakaingia, na mbele yao mama mmoja mtu mzima mwenye miwani, ndiye mkubwa wao. Akakagua jiko, akafungua bomba, akafika dirishani.

"Hujambo, mwanangu. Mbona umesimama hivyo?"

"Sijambo, mama. Shikamoo. Nimechoka kukaa."

"Marahaba."

Wakati huohuo kinyozi, aliyeambiwa akae kimya, akaangua kicheko huko chini. Ana kicheko cha punda huyo. Mama wa benki akatega sikio.

"Sogea kidogo."

Binti yangu alimtazama Mwezi Ujao. Mwezi Ujao alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana. Ananiambia, "Mama, nikafikiri, nisiposogea leo, kesho sina hata bati." Akalikusanya gauni lake, akasogea.

Yule mama akachuchumaa akachungulia chini ya pazia, kama anayetafuta kuku uvunguni.

"Wale ni nani?"

"Wapita njia," akasema Mwezi Ujao.

"Si wapita njia," akasema binti yangu. "Yule mwenye mkasi ni duka la tano. Anayefuata ni la sita, anatengeneza redio. Pale penye cherehani bila mtu ni la nne. La nne ni mimi. Tunangoja kuingia."

Mama akainuka huku ameshika kiuno. "Meneja, kila mara unatuandikia kwamba wapangaji bado."

"Ndiyo, mama."

"Na hawa umewafunika pazia?"

Kijana akalitazama pazia kama lenyewe ndilo lingejibu.

"Miaka yote tunangoja kuona mtu mmoja anayelitaka jengo hili," mama akasema, "kumbe wapo nje wanaliegemea. Watie umeme, maji na choo hapo chini, waingie. Hizo nyumba zenu za juu zitafuata zikitaka."

Na wameingia. Mwezi uliofuata, mwezi ujao wa kweli. Lifti bado imegoma, juu wamehamia watu wachache wenye miguu mizuri, na ukuta wa mto nasikia wanauinua tena. Lakini binti yangu ana mlango unaofunguka. Siku ya kwanza kinyozi alijigonga kwenye wa kwake, kwa mazoea ya kufikiri ni rangi.

Pazia halikupata mwenyewe. Meneja hakutaka hata kuliona. Jioni ya siku hiyo ya kwanza, binti yangu alipokuwa anafunga duka, Macho akalinyooshea kidole.

"Mwanangu, hilo huna kazi nalo?"

"Chukua, mjomba. Ila ni fupi."

"Mimi si dirisha."

Akaketi kwenye kiti chake, sasa mbele ya duka la nne. Akajifunika, nyayo zikabaki nje. Juu wale wenye miguu mizuri wakazima taa zao mojamoja. Akasema anaangalia, yuko macho kabisa, kisha akalala.