Mitego ya Tata Mukendi

Kila asubuhi, kabla jua la Juni halijapata nguvu ya kumwondolea mtu baridi, Huguette alibeba ndoo hadi nyuma ya nyumba ya Tata Mukendi, akafungua bomba la maji moto lililokuwa ukutani, akajaza. Maji yalikuwa ya kukanda miguu ya nkambo wake, mama mzaa baba, ambaye magoti yake hayakukubali kuamka hivi hivi. Alianza kwenda pale akiwa mtoto wa shule ya msingi. Sasa alikuwa mwalimu mwenye diploma, na bado hakuwahi kugonga mlango wa mbele. Alichukua maji, akaitikia salamu kwa sauti ndogo, akaondoka.

Asubuhi hiyo ndoo haikuwa imefika nusu alipotokea Stany Mwenze, karani wa kugawa glavu katika bohari ya kampuni, akiwa na vijana wanane na kipande cha chaki.

Stany aliandika jina lake mwenyewe mlangoni kwa herufi kubwa, akakosea moja, akaifuta kwa kiwiko, akaandika upya. Kisha akamtangazia Mukendi kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na kwamba ana saa moja ya kurudi kwao Kasai. Mukendi alikuwa amezaliwa papo hapo Kolwezi. Hiyo Kasai aliyoambiwa arudi hakuwahi kuiona hata kwa picha. Kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyefunga nyaya na mabomba ya nyumba zote za kambi ile ya wafanyakazi wa migodi, na vijana waliomwita kilulu, yaani mdudu, waliogeshwa utotoni kwa maji aliyowaletea yeye.

Alitoka na mkewe, Mama Mbuyi, masanduku mawili na godoro. Alipopita karibu na bomba alimwambia Huguette afunge maji kabla hayajamwagika. Huguette akafunga. Akabeba ndoo yake akaenda nyumbani.

Stany alihamia siku hiyo hiyo pamoja na mkewe Mado na kitoto chao cha miezi mitatu. Nyumba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na umeme katika kila chumba, na kwenye kichumba cha nyuma tangi refu la kuchemshia maji, kitu ambacho Stany alikuwa amekisikia kwa jina tu. Elimu yake yote ya umeme ilikuwa kuwasha taa na kuizima, na hata kuzima alikuwa akisahau.

Lakini hofu alikuwa nayo. Majuma yale kambi nzima ilivuma kwamba Bakasai, watu wenye asili ya Kasai, wameacha mitego: dawa chini ya vizingiti, sumu visimani, nyaya zilizofungwa ili ziue. Hakuna aliyewahi kuonyesha hata mtego mmoja. Ila kila aliyelala kwenye kitanda cha mwenzake alihitaji sana kuuamini, maana mtu akikutegea, basi wewe si mnyang'anyi tena, wewe ni mwathirika. Na vijana walikuwa wameapa: siku nyumba moja itakapomdhuru mtu, watakwenda stesheni na fimbo na kumtafuta aliyeishi humo. Mukendi na mkewe walikuwa stesheni, chini ya turubai, wakingoja treni ambayo wiki ya tatu sasa ilikuwa haijaja.

Huguette alijua hayo. Kila alipokwenda kuchota maji, ambayo Mado alimruhusu kwa upole, aliangalia nyumba ile kama mtu aangaliaye paa lenye ufa juu ya kichwa cha mgonjwa.

Stany akaanza kutegua. Kwanza alifungua ubao wa fyuzi, akakuta waya mwembamba kama unywele. Akawaita majirani waje kushuhudia ubaya wa Mkasai: mtu wa umeme, anaishi katika mji wa shaba, shaba imejaa hadi kwenye vumbi, halafu anawaachia wenzake kiuzi. Akakitoa, akaweka waya wa shaba mnene kama kidole cha mtoto. Majirani wakasifu. Katika mji ule mtu aliheshimiwa kwa unene wa shaba yake.

Siku ya pili aligundua kwamba maji yakishapata moto tangi linajikatia umeme lenyewe. Hilo lilimkasirisha kweli. Akaona Mkasai amepanga kumpimia joto, yeye, mwenye nyumba. Akatafuta kifaa kidogo kilichokuwa kikikata umeme huo, chenye waya mbili, akakiacha kando, akaunganisha waya moja kwa moja, akajifuta mikono kwenye suruali ya kazini, ambayo ilikuwa safi sana, kwa kuwa kazini alikuwa anagawa glavu.

Mtego wa tatu ulikuwa tone. Kando ya tangi kulikuwa na kibomba kifupi, na kila maji yalipochemka kilidondosha tone, tone, tone. Stany alikitazama kwa muda mrefu, uso umekunjamana kama wa daktari.

"Munaona?" akawaambia majirani. "Anataka tangi ikauke polepole, siku moja ilipuke na mutoto yangu. Bilulu biko na akili, lakini mi naijua mitego yao yote."

Akakata kipande cha mpini wa fagio, akakichonga, akakipigilia kwa nyundo hadi tone likakoma. Usiku wake alinunua bia.

Jumapili Huguette alifunga bukari, ule ugali wa kwao, na samaki wakavu katika kitambaa akaenda stesheni. Ilimchukua siku nyingi kupata ujasiri huo, na alipofika alishindwa kusema alichojia. Akatoa chakula, akauliza habari za miguu ya Mama Mbuyi, akasifu turubai. Mukendi alikula kwa heshima, kama mtu aliye mezani kwake. Akauliza nyumba inaendeleaje, bila uchungu, kama mafundi wanavyouliza habari za kazi yao. Huguette akamwambia yote: waya mnene, joto lisilokatwa. Mukendi alitikisa kichwa, akatabasamu kidogo. Aliposikia habari ya mpini wa fagio aliacha kula.

"Wameziba lini?"

Jana, akasema Huguette.

"Mama, sikia," Mukendi akamwambia Huguette, akaweka sahani chini. "Ile tone ndio ilikuwa pumzi ya tangi. Maji ikichemka inavimba, sasa itapita wapi? Kimbia. Kata umeme kwanza, pa swichi kubwa ya mu korido. Toa batu inje. Kizibo usiguse, hata kidogo. Uache ipoe siku muzima."

Akainuka aende mwenyewe. Mama Mbuyi akamshika shati, akamwuliza kama anataka kufika kambini au kaburini. Akaketi. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kuitwa usiku na mchana nyumba yoyote ikipata shida, na sasa alikalia mikono yake.

Huguette alikimbia, yeye ambaye hata kanisani alitembea kwa ncha za vidole. Alipofika alimkuta Stany sebuleni na wageni wanne, redio juu, akieleza jinsi umeme usivyohitaji shule. Kutoka kichumba cha nyuma ilisikika ngurumo, kama chungu cha maharage kilichotiwa mawe. Stany alikuwa akiwaambia wageni kwamba hiyo ni sauti ya nguvu. Mado alikuwa ameketi na mtoto huko huko nyuma, ameegemea ukuta wa kichumba cha tangi, kwa sababu ulikuwa na joto na mtoto alikuwa na mafua.

Kwa mara ya kwanza maishani Huguette aliingia mlango wa mbele, bila kubisha, bila kuvua viatu. Akapita katikati ya wageni, akashusha swichi kubwa. Redio ikakatika katikati ya neno. Akamshika Mado mkono, akamvuta yeye na mtoto hadi uani, akirudia neno moja tu: inje, inje. Wageni wakafuata kwa sababu wengine wanatoka. Stany alitoka wa mwisho, akiuliza ni nani aliyemruhusu binti wa watu kugusa umeme wake.

Jibu lilitoka ndani ya nyumba. Kulisikika mshindo, kisha mvuke ukafoka dirishani, na ukuta ambao Mado alikuwa ameuegemea ukamwaga plasta yake yote sakafuni. Hakuna aliyeumia. Mtoto akapiga chafya.

Kwa kitambo Stany alikuwa na uso wa mtu aliyeona ukweli. Lakini ukweli haukupata kiti. Vijana walikuwa wamekuja mbio kwa mshindo, na akili yake ikarudi pale ilipozoea kulala. Akanyoosha kidole kwenye mvuke na kusema ndio huo mtego, mumeona kwa macho yenu, Mkasai alitaka kuua mtoto. Mmoja wa vijana akang'oa mti wa uzio. Wa pili akasema stesheni si mbali.

Huguette akasimama kwenye lango. Stany akamwambia apishe njia, mwalimu wa abichidi anajua nini habari za mabomba.

"Ile fyuzi nyembamba inakatika ili nyumba isiungue," Huguette akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi wanyamaze ili waisikie. "Kile kidude kinakata moto ili maji isipite kiasi. Na ile tone inatoa nguvu ya maji. Mwenye kuleta ule mti wa fagio ni nani? Muingie, mutaukuta mule ndani."

Kijana mwenye mti wa uzio akamtazama Stany. Majirani waliosifu shaba nene wakatazama viatu vyao. Stany akacheka, akasema Mkasai amemroga huyu binti kwa ndoo za maji.

Huguette angeweza kuishia hapo, na wengi wangemsamehe. Alivuta pumzi.

"Bitu bitatu bya kutulinda, ni weye ulibitoa, Tata Stany. Ule muzee hakutegea mutu. Ni siye ndio tulimufukuza mu nyumba yake, na mi nilikuwa pale, nikanyamaza."

Kijana mwenye mti wa uzio akaurudisha mahali pake, akaingia ndani kuutafuta ule mpini.