Bastola Mpya ya Wendell

"Hakuna jicho Texas nzima litakaloiona hii!" Wendell alitamba, akishusha shati juu ya bastola yake mpya, fupi na nyembamba, iliyotulia kiunoni kama mtoto aliyeshiba.

"Akiigundua mtu mmoja tu, inakuwa yangu," alisema mkewe, Loretta.

"Basi imekula kwako, mama."

Kwenye nyama choma ya kanisani Wendell alipita kifua mbele, akisalimia kila meza. Hakuna aliyeshtuka. Kichwa kikazidi kuvimba, mpaka bibi kizee Earlene alipomvuta mkono.

"Mwanangu, umenunua bastola mpya? Tangu umefika unaipapasa kama mjamzito na tumbo lake."

Wendell akageuka haraka kuona nani amesikia. Loretta alikuwa nyuma yake, sahani mkononi, meno yote nje.

"Nzuri sana, bibi," Loretta alijibu. "Ni yangu."