Yatima wa Sarybulak

Asubuhi ya karamu, Gulbarshyn alimpigia simu wifi yake Raushan mara nne kabla chai haijachemka. Mara ya kwanza ilikuwa habari ya vikombe, ya pili habari ya zulia, ya tatu vikombe tena. Mara ya nne ndipo alipolitoa neno lenyewe.

"Wifi, leo baba asitoke chumbani."

"Kwani anaumwa?"

"Haumwi. Ila mgeni wa makao makuu amekisoma kipeperushi changu."

Raushan naye alikuwa amekisoma. Maboksi mawili ya vipeperushi yalikuwa jikoni kwake, na wiki nzima aliviwashia jiko, maana karatasi yake ilikuwa kavu na nzuri. Ukurasa wa pili ulieleza kwa herufi nene kwamba mgombea alifiwa na baba akiwa na miaka kumi na mmoja, akajilea mwenyewe katika upepo wa nyika. Baba mwenyewe, Mzee Kenzhetai, miaka themanini na sita, wakati huo alikuwa uani akimtukana jogoo.

"Mtaalamu wa mjini anasema watu wanawapenda mayatima," Gulbarshyn aliendelea. "Ni siku moja tu, wifi. Muwashie televisheni. Usimtoe. Halafu ukumbuke nani alimtafutia mumeo kazi ya basi la shule."

"Sitamtoa," alisema Raushan.

Haikuwa mara ya kwanza mzee huyo kubadilishwa historia. Enzi za Muungano wa Kisovieti, Gulbarshyn alipokuwa katibu wa vijana wa shamba la kondoo, baba alikuwa mchungaji shupavu asiyeamini Mungu. Muungano ulipovunjika, binti alikaa kimya miezi sita, kisha akatokea amejifunga kilemba na kukata utepe wa msikiti mpya. Sasa baba akawa mjukuu wa tajiri mkubwa aliyenyang'anywa makundi ya farasi. Babu huyo alikuwa na mbuzi wanne, mmoja kilema. Baadaye Gulbarshyn akawa naibu mkuu wa wilaya, akazindua daraja moja mara tatu chini ya vyama vitatu, na katika hotuba zote tatu baba alikuwa na kazi tofauti. Mzee hakulalamika. Alikuwa akisema mtoto wa kike ana mambo mengi, mwacheni. Lakini kuuawa hakuwahi kuuawa.

Raushan alipoingia kumpelekea chai, alimkuta amekaa kitandani na kipeperushi mkononi na lenzi yake ya kusomea jichoni.

"Mkwe wangu, hapa inasema nilikufa mwaka sabini na tano."

Raushan aliweka kikombe chini polepole. "Ni makosa ya wachapishaji, baba."

"Mwaka sabini na tano ndio nilimnunulia baiskeli. Nyekundu. Nilitoka nayo mjini nimeikumbatia kwenye lori la sufu ya kondoo." Akageuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna maelezo zaidi. "Leo anakuja?"

"Anakuja na mkubwa wa chama. Watapiga picha nyumba aliyozaliwa. Wakiridhika anawekwa kwenye orodha ya wabunge, wasiporidhika anawekwa yule daktari wa mifugo."

"Basi nipe koti langu. Sitasema neno. Nataka aniite baba mbele yao, nile kidogo, nirudi kulala."

Raushan alilipiga koti pasi. Akaibandika upya ile medali ya ufugaji iliyolegea. Alimwahidi wifi kwamba hatamtoa mzee, na kumtoa hakumtoa. Kufunga mlango hakuahidi.

Saa saba magari matatu yalisimama getini. Gulbarshyn alishuka wa kwanza, akampiga busu hewani Raushan mbele ya kamera, akamnong'oneza, "Hizo soksi gani umevaa?" Nyuma yake alikuja Bwana Madiyar wa makao makuu, kijana mwembamba wa mjini aliyekuwa akikanyaga vinyesi vya kondoo kwa tahadhari kama mtu anayevuka mto. Wazee saba wa kijiji walikuwa wameshakaa kuzunguka meza ya chini, na mkubwa wao, Mzee Zhumabek, alikuwa ameacha nafasi tupu kwenye kiti cha heshima, mkabala na mlango.

"Hapo anakaa nani?" aliuliza Madiyar.

"Hapo ni pa mtu fulani," alisema Zhumabek, akamtazama Gulbarshyn.

Gulbarshyn alikaa hapo yeye.

Maandazi yakapita, maziwa ya farasi yakapita, kisha Raushan akaleta sinia la nyama, na juu yake kichwa cha kondoo kilichochemshwa, kimeangalia mbele kama mwenyekiti wa mkutano. Hakuna mtoto kijijini Sarybulak asiyejua kanuni ya kichwa. Anapewa mgeni anayeheshimiwa kuliko wote, na mtu ambaye baba yake yu hai hakipokei, hata kama ni waziri. Kukipokea ni kutangaza kwamba baba umeshamzika.

"Kichwa nampa nani?" Zhumabek aliuliza, sinia mikononi.

"Nipe mimi, mzee wangu," alisema Gulbarshyn kwa sauti ya hotuba. "Kamera iko tayari?"

"Una hakika, binti?"

"Mzee, nyama inapoa."

Zhumabek akaliweka sinia mbele yake. Hakuna aliyetafuna. Gulbarshyn akashika kisu, akakata kipande cha shavu, akatabasamu upande wa taa.

"Safi sana!" alisema Madiyar. "Rudia, uangalie huku."

Alikuwa anarudia pale mlango wa chumba cha nyuma ulipofunguka. Mzee Kenzhetai alitoka na koti lake, medali kifuani, ndevu amezichana. Wazee wote saba waliinuka. Aliangalia kiti chake, akaangalia kichwa, akaangalia kisu, kisha akaketi karibu na mlango, mahali wanapokaa wakwe na watu wa kuchelewa.

"Asalamu alaikum," alisema. "Endeleeni, endeleeni."

Gulbarshyn alimtupia Raushan jicho la kumchoma. Raushan akamimina chai.

"Mzee huyu ni nani?" Madiyar aliuliza, amefurahi. "Sura nzuri sana. Mpigapicha, mchukue huyo."

Mzee Kenzhetai aliweka mikono magotini na kumsubiri binti yake. Raushan naye alisubiri, birika hewani. Alijiambia kwamba neno lenyewe ni fupi, hata mtoto mchanga huanza nalo.

Gulbarshyn alitazama kamera. Akatazama kipeperushi mbele ya Madiyar.

"Ni jirani yetu," alisema. "Mzee mwema sana. Amenisaidia mno katika uyatima wangu."

Mtu mmoja alikohoa. Raushan alimwaga chai nje ya kikombe na hakuifuta.

"Vizuri," alisema Madiyar. "Sasa dua ya wazee, tumalize. Mzee Zhumabek, tafadhali."

"Siwezi," alisema Zhumabek. "Hapa kuna mkubwa kwangu. Mbele yake mimi sifungui mikono."

"Basi afungue yeye! Jirani, tuombee mgombea wetu."

"Labda amechoka," Gulbarshyn aliwahi.

"Sijachoka," alisema Kenzhetai. "Nimepumzika tangu mwaka sabini na tano."

Akainua viganja. Watu wote wakainua vyao, Madiyar akawaiga, na Gulbarshyn, kwa kuwa kamera ilikuwa inamwangalia, akainua vyake vikiwa bado na mafuta ya shavu la kondoo.

"Ee Mungu," alisema mzee, bila hasira, kama anayeagiza kitu dukani. "Mwanamke huyu aliomba ukatibu, ukampa. Aliomba unaibu, ukampa. Leo anaomba ubunge, mpe na huo, asirudi mikono mitupu. Ila naona hana baba. Mpe baba, Mungu wangu. Na ukimpa, mpe na macho ya kumtambua."

"Amina," walisema wazee saba kwa mpigo, wakajipangusa nyuso. Gulbarshyn naye alijipangusa. Mafuta yalimng'aa mashavuni mpaka picha ya mwisho.

Madiyar alifuta macho. Alisema hajawahi kusikia kitu chenye mguso kama hicho, na wiki iliyofuata jina la Gulbarshyn likatoka namba tatu kwenye orodha. Daktari wa mifugo akarudi kwa ng'ombe wake. Maboksi mapya yalifika jikoni kwa Raushan, safari hii yana picha ya Mzee Kenzhetai ameinua viganja, na maneno chini yake: *Jirani ambariki yatima.*

Siku ya uchaguzi simu ililia asubuhi.

"Wifi, baba ameshapiga kura?"

"Baba yupi?"

"Raushan, sina muda wa utani. Mpeleke. Kila kura ni kura."

"Marehemu wa mwaka sabini na tano nampelekaje kituoni, wifi?"

"Mpeleke tu," alisema Gulbarshyn. "Jina lake limo."

Raushan akakata simu. Mzee alikuwa mezani, analowanisha andazi kwenye chai.

"Nani huyo?"

"Watu wa uchaguzi, baba," alisema Raushan, akamwongezea maziwa. "Wanamtafuta jirani."